Uso Mbele ya Taa: Niliyojifunza Katika Kuwapamba Watu wa Kwenye Kamera

Kazi yangu ni kuwaandaa watu wanaotokea kwenye kamera: watangazaji, wageni wa vipindi vya mahojiano, waigizaji wa tamthilia, na wakati mwingine viongozi wanaokuja kusema mambo ya dakika chache. Nilianzia saluni ya maharusi jijini Dar es Salaam, na nilipoingia studio nilikuta kwamba huko uso una matakwa mengine kabisa. Bibi harusi hutazamwa na watu waliosimama karibu naye, nao wanataka waone kwamba amepambwa. Mgeni wa kipindi hutazamwa kupitia lenzi na skrini, chini ya taa kali, na mtazamaji akishaanza kuifikiria poda yake ameshaacha kusikiliza anachosema. Kwa hiyo kila ninachofanya kina lengo moja, nalo ni mtu aonekane kwenye skrini vile anavyoonekana kwa jirani yake wanaposabahiana asubuhi. Lengo hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu taa na kamera huondoa mambo mengi usoni, na ngozi nyeusi ndiyo inayopoteza zaidi ikishughulikiwa na asiyeijua.

Nianze na mng'aro, maana hilo ndilo linalowasumbua karibu wote. Mafuta na jasho vikikaa juu ya ngozi hurudisha mwanga wa taa moja kwa moja kwenye lenzi. Mwanga huo unaorudishwa ni mweupe kwa kila mtu, awe mweusi au mweupe wa ngozi, lakini juu ya ngozi nyeusi tofauti kati yake na rangi inayouzunguka ni kubwa zaidi, na ndiyo maana paji la uso la mtu mweusi linaonekana kuwaka hata pale ambapo mtangazaji mweupe aliyeketi chini ya taa hizo hizo haonekani hivyo. Wapambaji wengi wanaoanza hulijibu tatizo hilo kwa poda nyingi uso mzima. Hapo ndipo uso unapokufa. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa njia ya mng'aro huo huo: mfupa wa shavu, mgongo wa pua, ukingo wa taya, vyote hutambulika kwa sababu vinashika mwanga zaidi kuliko sehemu za pembeni. Ukiuzima mng'aro wote, kamera huona bapa la rangi moja lisilo na mifupa. Mimi hukausha paji la uso, pembe za pua, sehemu iliyo juu ya mdomo wa juu, kidevu, na upara kwa wenye upara, kwa kuwa taa ya nyuma hupiga huko. Mashavu na sehemu ya juu ya taya huyaachia uhai wake. Watu wa taa na wapiga picha wanaojua kazi yao hunishukuru kwa hilo, kwa sababu nao wanahitaji kitu cha kushika mwanga.

Katika jiji letu kuna jambo jingine ambalo maelekezo mengi ya upambaji hayalitaji, nalo ni kwamba mgeni hufika akiwa amelowa. Kuanzia Novemba hadi Machi, mtu aliyeshuka kwenye daladala au bodaboda mchana hawezi kupakwa chochote akafaa. Humkalisha kwanza mahali penye kiyoyozi kwa dakika kumi na tano hivi, nampa maji ya kunywa, kisha nalowesha kitambaa safi kwa maji baridi, nakikamua, na kumwekea shingoni na nyuma ya masikio. Shingo ikipoa, uso nao hupoa. Baada ya hapo huja karatasi nyembamba za kufyonza mafuta, ambazo hukandamizwa tu juu ya ngozi bila kusugua. Poda huja mwisho kabisa. Utaratibu huu haupinduliwi, kwani poda iliyowekwa juu ya jasho hugeuka uji, hukauka kwa mabaka, na kila unapoongeza nyingine kuficha mabaka hayo ndivyo yanavyozidi. Katikati ya kipindi, wakati wa matangazo ya biashara, nikiingia kumhudumia mtu ninaanza tena na karatasi, na mara nyingi karatasi peke yake inatosha.

Wanaume, hasa wazee, hukataa kuguswa, na ninawaelewa. Siku moja alikuja mzee mmoja, mkulima wa kusini, kuzungumzia bei ya korosho. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaiona brashi mkononi mwangu akarudisha kichwa nyuma. "Mwanangu," akasema, "mimi nimekuja kwa habari ya korosho, sikuja kupambwa." Nikamwambia, "Mzee wangu, sitakupamba. Nakuomba tu utazame kwenye kioo kile, uone wenzetu wa nyumbani watakavyokuona." Nilimwomba mpiga picha amsogelee kwa lenzi, na uso wake ukajaa kwenye monita, yaani skrini ya studio inayoonyesha kinachoonwa na kamera. Paji lote la uso lilikuwa jeupe kwa mwanga, na jasho lilikuwa linameta chini ya macho kiasi kwamba ungedhani amefikwa na hofu, ilhali alikuwa ametulia kabisa. Alitazama kwa muda, akavua kofia yake, akaniletea uso. Sikumpaka rangi yoyote. Nilimkausha, nikampitishia poda ya rangi ya ngozi yake kwa brashi kubwa, nikampaka mafuta kidogo midomoni kwa sababu ilikuwa imekauka na kupasuka. Tangu hapo sibishani na mgeni anayekataa. Namwonyesha monita, na uamuzi unabaki kuwa wake.

Monita ndiyo kioo changu, na nimewafundisha hivyo vijana wanaokuja kujifunza kwangu. Kioo cha chumba cha kupambia kina mwanga wake, na studio ina wake. Balbu za zamani za waya za studio hutoa mwanga wa njano wa takribani Kelvini 3,200 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na taa za kufanana na mwanga wa mchana hutoa takribani Kelvini 5,600, mwanga ambao jicho letu huuona mweupe wenye ubuluu. Jicho huzoea tofauti hiyo bila sisi kujua, lakini kamera huzoeshwa: mpiga picha huielekeza kwenye karatasi nyeupe na kuiambia kwamba huu ndio weupe wenyewe. Akilisahau hilo, uso niliouandaa vizuri huonekana wa chungwa au wa kijivu, na mtu wa kwanza kulaumiwa ni mpambaji. Zipo pia taa za LED za bei ya chini ambazo mwanga wake una ukijani uliojificha, nao huifanya ngozi ya maji ya kunde ionekane ya mgonjwa. Kabla ya kubadilisha chochote usoni mwa mtu, namuuliza mpiga picha kwa heshima kama ameshaipa kamera weupe wake. Mara nyingi tatizo huishia hapo hapo.

Sasa nifike kwenye rangi, ambako ndiko moyo wangu uliko. Kuna desturi imeenea ya kumpaka mtu faundesheni, yaani krimu ya msingi ya rangi ya ngozi, iliyo nyeupe kuliko ngozi yake ili "atoke vizuri". Kwenye kamera matokeo yake ni uso ulioachana na shingo, na zaidi ya hapo ngozi hugeuka ya majivu. Umajivu huo una sababu. Faundesheni na poda nyeupe zina kiasi kikubwa cha madini ya titani yanayotumika kutia weupe, na ngozi nyeusi ina wekundu, unjano, au kwa walio weusi sana, ubuluu ulio chini yake. Weupe ukilala juu ya rangi hizo hutoa kijivu, na taa hukizidisha, hadi uso unaonekana kama ukuta uliopigwa chokaa. Rangi sahihi huijaribu kwenye taya na kuishusha hadi shingoni, kamwe si kwenye mgongo wa mkono, kwa kuwa mkono umepigwa na jua tofauti na uso. Nikishaipaka nasubiri dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya kuamua, kwa sababu faundesheni nyingi huwa nyeusi zaidi zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi.

Uso wa mtu mweusi hauna rangi moja. Paji la uso na pembeni mwa mdomo huwa peusi zaidi, katikati ya mashavu panakuwa na weupe kiasi, na chini ya macho pana weusi wa aina yake. Ukiupaka uso wote rangi moja umemvalisha kinyago. Mimi hutumia rangi mbili, wakati mwingine tatu, ambazo hazitofautiani sana, kila moja mahali pake, na kuziunganisha kwa sponji yenye unyevu. Weusi wa chini ya macho haufichwi kwa konsila (krimu nzito ya kufichia madoa) nyeupe. Kwanza huwekwa tone dogo la rangi ya chungwa, ambalo kwa aliye mweusi sana huelekea kwenye wekundu wa tofali, kwa sababu chungwa huumeza ubuluu uliomo kwenye weusi ule. Kisha juu yake huja konsila inayolingana na ngozi. Anayeona chungwa hilo kwa mara ya kwanza hushtuka. Namwomba asubiri, na baada ya dakika mbili haoni tena chungwa wala weusi.

Ugumu huu una historia ambayo kila mpambaji wa kwetu anapaswa kuijua, ili asidhani kwamba ngozi zetu ndizo zenye kasoro. Filamu za rangi za karne iliyopita zilirekebishwa kwa kufuata ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa inapeleka kwenye maabara kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na rangi za picha za watu wote zilipimwa kwa kadi hiyo. Malalamiko yaliyosaidia kuileta filamu inayoshika vizuri rangi za kahawia yalitoka, pamoja na wengine, kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kupata televisheni mwaka 1994. Lakini vyombo vyote vilivyoletwa huku vilikuwa vimepimwa kwa macho ya watu wengine. Vipodozi vilifuata njia hiyo hiyo. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu, alianzisha vipodozi vyake mwaka 1994 kwa sababu alikuwa hapati rangi zinazomfaa, na ilikuwa hadi mwaka 2017 ndipo Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka na rangi 40 kwa pamoja na kuzifanya kampuni kubwa ziongeze chupa za weusi. Leo nikienda Kariakoo napata rangi ambazo nilipoanza kazi nililazimika kuzichanganya mwenyewe kwenye kibati. Hata hivyo chupa nyeusi kabisa bado huwa chache rafuni, na wauzaji husema hazitoki. Nami huwaambia kwamba haziwezi kutoka kama hazipo.

Mkorogo nao haunipi raha hata kidogo. Wapo wanaokuja wakiwa wamejichubua uso, na masikio, vifundo vya vidole na shingo vimebaki na rangi waliyozaliwa nayo. Kamera za sasa hazifichi. Picha ya televisheni ya zamani ilikuwa na nukta 720 kwa 576. Ya sasa ina 1,920 kwa 1,080, yaani mara tano ya ile, na ile ya 4K ina mara nne ya hiyo tena. Wekundu wa ngozi iliyoungua, mishipa midogo na mabaka ya mashavuni huonekana hata kwa mtazamaji aliyekaa mbali. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, lakini mikorogo bado inauzwa. Mtu aliyekaa kitini mwangu dakika chache kabla ya kipindi mubashara simsemi. Huo si wakati wa kumvunja moyo. Ninachofanya ni kuurudisha uso kwenye rangi ya shingo, taratibu, tabaka jembamba baada ya jingine. Kuna dada mmoja alijitazama kwenye monita akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo rangi yangu?" Nikamwambia ndiyo, dada yangu, nimeitoa kwenye shingo yako. Baada ya kipindi tulizungumza kwa kirefu, na nilimshauri aende kwa daktari wa ngozi badala ya kuacha au kubadilisha dawa kwa kubahatisha.

Kamera zenye nukta nyingi zimebadilisha pia uzito wa mkono. Tabaka nene linaonekana kuwa tabaka, likipasuka kwenye mikunjo ya mdomo kila mtu anapocheka. Kope za bandia zilizo nene hutupa kivuli ndani ya jicho kwa sababu taa za studio ziko juu, na mtangazaji huonekana ana usingizi. Rangi ya midomo nyekundu sana humwagika kingo zake kwenye video, hivyo napendelea wekundu uliotulia wa zambarau au kahawia. Nyusi huzijaza pale zilipo na mapengo tu. Na picha ya mnato ina mambo yake: poda nyeupe laini yenye madini ya silika, ambayo haidhuru chini ya taa za studio, hulipuka kuwa vumbi jeupe usoni mara mpiga picha wa bango anapotumia fleshi. Nikijua kwamba mgeni atapigwa picha pia, poda hiyo haitoki mkobani.

Funzo lililonigusa zaidi lilitoka kwa binti mmoja mwenye ualbino aliyekuja kuzungumzia losheni za kukinga jua. Alifika akiwa amejipaka losheni inayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba nisiifute. Nilifanya kazi juu yake. Taa zilimuumiza macho, kwa kuwa macho ya wenye ualbino hayazuii mwanga kama ya wengine, na yake yalikuwa yanatikisika yakichoka. Tulikubaliana na mtu wa taa azisogeze pembeni na kuzipunguza nguvu, kisha mpiga picha akawa na kazi ya kupima mwanga wa watu wawili walioketi pamoja, mmoja mweupe sana na mtangazaji mweusi. Kwa upande wangu nilimwekea poda yenye unjano kidogo ili ngozi isipotelee kwenye weupe wa taa. Madoa ya jua mashavuni sikuyagusa. Nilipofika kwenye nyusi nilimuuliza anapenda ziweje, kwa maana nimewaona wapambaji wakiwachora wenye ualbino nyusi nyeusi tii bila hata kuuliza. Akachagua mwenyewe penseli ya hudhurungi nyepesi. "Kidogo tu," akasema, "zionekane zipo." Zikaonekana zipo. Tangu siku hiyo huwauliza wageni wote, wa rangi zote, kabla ya kugusa kitu ambacho ni chao tangu kuzaliwa: kovu, chale, alama, doa.

Usafi siuwekei mjadala. Brashi moja ikipita kwenye nyuso za wageni wote wa kipindi inabeba zaidi ya poda. Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, wapo waliouona utaratibu wangu kwa mara ya kwanza kama jambo la lazima: faundesheni na rangi ya midomo huchotwa kwa kijiko kidogo na kuwekwa kwenye kibati, hazipakwi kutoka kwenye chupa, maskara hupakwa kwa kijiti cha kutupwa, na kijiti kilichogusa kope hakirudi ndani ya chupa, penseli ya wanja huchongwa na kufutwa kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mtu na mtu. Mwenye jicho jekundu namwandaa uso na kumwachia macho kama yalivyo, na simruhusu mtu yeyote, awe nani, aniharakishe nikiwa nafuta vifaa.

Kipindi kikiisha, wengi hutaka kuondoka na mekapu ile ile kwenda kwenye shughuli nyingine, nami huwaomba wakae dakika tano. Mafuta ya nazi kidogo kwenye pamba huvunja poda na wanja bila kuivuta ngozi. Kisha uso huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, hukaushwa kwa kubonyeza kwa taulo safi, na kupakwa mafuta yake mepesi. Ngozi iliyozibwa kwa saa nyingi ikiachwa hivyo hadi usiku huleta vipele, na mtangazaji anayekaa mbele ya taa kila siku huja kwangu wiki inayofuata akitaka vipele hivyo vifichwe. Mwenye ualbino hupaka tena losheni yake ya jua kabla hajafungua mlango wa nje, hata kama gari linamsubiri hatua chache kutoka pale.